Dada, kompyuta ya baba isipigwe window kwanza

Dada yangu,

Shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, na picha ulizonitumia za orodha ya programu zilizomo kwenye kompyuta ya baba nimezipitia zote. Nakujibu hadharani kwa sababu kompyuta kama ile ya baba pale Kikuyu zimo kwenye nyumba nyingi za Dodoma. Inakaa sebuleni, kila mtu anaitumia, na hakuna anayejua ndani yake kumewekwa nini. Ikianza kuwa nzito, shauri linakuwa moja tu: ipelekwe kwa fundi ikapigwe window, yaani iwekewe Windows upya.

Nakuomba fundi asiiguse bado. Mafundi wengi wakipiga window hufuta diski yote, na diski ile ina picha za mwisho za mama, mahesabu ya kwaya na mitihani baba aliyokuwa akiwachapia wanafunzi wake. Hakuna nakala ya vitu hivyo mahali pengine.

Unasema umeona majina usiyoyajua na unahisi yote ni virusi. Rudi tena kwenye orodha: bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, gonga Enter. Safari hii majina yaache kwanza. Angalia safu ya mtengenezaji na safu ya tarehe. Bofya juu ya safu ya tarehe zijipange, halafu jiulize siku ile nani alikuwa amekaa kwenye mashine. Tarehe hubadilika programu inapojisasisha, kwa hiyo si ushahidi kamili, lakini inakupa pa kuanzia.

Yale yanayojirudia, Microsoft Visual C++ 2005, 2008, 2010, yamekutisha bure. Programu nyingine huyategemea ili zifunguke, na kila moja hutaka toleo lake. Ukiyafuta kwa hofu, kesho kitu kingine kitagoma na hutajua kwa nini. Realtek inahusika na sauti. Bonjour huja na iTunes. Haina ubaya, ila kama hakuna anayetumia iTunes hapo nyumbani, iondoe. Ask Toolbar nayo iondoe. Hiyo ilikuwa ikiingia pamoja na Java, mtu akibofya Next bila kutoa tiki.

Kilichoninyima raha ni jina ambalo wewe ulilipita haraka kwa kuwa umewahi kulisikia. Ni programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, jamii ya AnyDesk na TeamViewer. Zenyewe ni halali na zina kazi nzuri. Lakini aliyeiweka akiacha nywila ya kudumu, anaweza kuingia wakati wowote kompyuta ikiwa na mtandao, bila mtu wa nyumbani kubofya kukubali. Tarehe yake ni siku ile fundi alipokuja kwa ajili ya printa. Simshtaki, huenda aliitumia kazini akasahau kuitoa. Hata hivyo hakuna aliyemruhusu aiache, na kwenye mashine hiyohiyo mwanao aliomba mkopo wa chuo na wewe ulijaza maombi ya Ajira Portal, namba ya NIDA na kila kitu. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini kunakatazwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, lakini sheria haitaiondoa programu hiyo. Iondoe leo, kisha ubadilishe nywila zako ukitumia simu, si kompyuta hiyo.

Mwambie pia mwanao asiweke kraki ya Office, yaani kile kiprogramu cha kuifanya ifanye kazi bila kuinunua. Maelekezo ya kraki nyingi huanza kwa kukutaka uzime antivirusi, na kwangu hiyo inatosha kuikataa.

Ile flashi ya kwaya uliyosema mafolda yake yamegeuka shortcut, msiifomati. Hiyo haimaanishi faili zimepotea. Mara nyingi kirusi cha aina hiyo huzificha tu na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya hapo unakiwasha upya. Angalia ukubwa: kama flashi inaonyesha nafasi imeliwa na wewe huoni kitu, nyimbo za mama bado zimo. Ichomoe, uiweke kabatini. Kuna amri ya attrib ya kuzifichua, nitaifanya mimi mwenyewe.

Windows 7 iliyomo kwenye kompyuta hiyo ni kweli imezeeka. Microsoft waliacha kuitolea marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Chrome yake imekwama kwenye toleo la 109. Mambo ya benki yasifanyike hapo tena, hata tukishaisafisha.

Ijumaa napanda treni ya SGR kutoka Dar, nakuja na diski ya nje. Tutahamisha picha na mahesabu kwanza, tuzifungue kwenye kompyuta nyingine tuhakikishe zinasoma, ndipo fundi apige window akipenda. Kwa sasa baba aendelee na mchezo wake wa karata, ila modemu ichomolewe.