Shangazi, ninunue kamera ipi wakati mume wangu anasema simu inatosha?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia alfajiri, usingizi umenipaa tangu jana. Usinione mtu wa kulalamika. Swali langu ni la kamera tu, ila siwezi kuliuliza bila kukueleza yale mume wangu aliyonisema mbele ya wageni.

Wanaume wa namna hii unawajua. Si mkali, na nyumbani hatukosi kitu. Lakini nilipowaonyesha wageni picha niliyoipiga kwa kamera ya kuazima, bibi kaketi mbele na wajukuu wamesimama nyuma yake, aliitupia jicho mara moja akasema, "Hata simu yangu inapiga hivi." Wakacheka wote. Shangazi, picha ile niliihangaikia! Nilibana tundu la lenzi mpaka f/8 ili walio nyuma nao watoke vizuri, flashi nikaielekeza darini mwanga usimchome bibi usoni. Yeye akatoa simu, akampiga bibi peke yake, eti anitolee ushahidi. Nimeikuza hiyo ya kwake. Simu ilipofifisha ukuta wa nyuma imekula nusu ya hereni ya bibi, na nywele za pembeni zimekatika kama za mdoli. Hayo hayaoni. Au anayaona hataki kusema.

Pesa ni yangu, niliiweka mwenyewe kidogo kidogo, wala sijagusa ya matumizi. Naanza na hilo kabla hujaniuliza.

Sasa kuna mtu anauza Nikon D750 iliyotumika. Ni ya mwaka 2014, najua, lakini sensa yake, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, ni ile kubwa ya milimita 36 kwa 24, ina megapikseli 24, na inaingia kadi mbili, kwa hiyo kadi moja ikiharibika picha za watu bado zipo. Hilo la kadi ndilo linaninyima raha zaidi. Familia imekusanyika, mzee ametoka mbali, halafu niwaambie picha zimepotea? Shata yake, kile kipazia kinachofunguka kila unapopiga, ilipimwa kiwandani kwa mipigo 150,000, na muuzaji anasema haijafika hata nusu. Nitamwamini vipi?

Nyingine ni mpya, Canon EOS R50. Hiyo haina kioo ndani, ni nyepesi, na inamfuata mtoto jicho hata akikimbia. Watoto hawatulii, Shangazi. Lakini kadi ni moja tu, na sensa yake ndogo inabana picha: lenzi ya milimita 50 inakuwa kama ya 80. Kwa mtu mmoja inapendeza sana, kwa ukoo mzima sebuleni nitarudi nyuma mpaka nitoke mlangoni. Ingawa lenzi inayokuja nayo inaanzia milimita 18, inaona pana zaidi, labda hiyo ingeniokoa. Nikichukua yoyote kati ya hizi, kinachobaki kinatosha lenzi moja au flashi, si vyote.

"Hata simu yangu inapiga hivi." Angenishauri faragha ningemsikiliza. Angesema mama watoto, tusubiri kidogo, ningesubiri. Kwa nini mbele ya watu?

Na sihitaji ruhusa yake, nataka uelewe hivyo. Mimi ni mtu mzima. Majirani wameshaniuliza ni lini nitaanza kupiga picha za familia kwa malipo, na kuna mama ambaye angenilipa hata kesho, anataka picha kubwa ya ukutani ya wanawe kabla hawajatawanyika kwenda vyuo. Megapikseli 24 zinatosha kusafisha picha ya sentimita 50 kwa 34 bila kupoteza ukali, hesabu hiyo nimeshaipiga. Lakini nikifikiria kuingia na kamera mpya mlangoni na yeye asiseme neno, asiulize hata inawashwa wapi, naona afadhali niiache. Kisha namkumbuka yule mama, naona siachi.

Basi niambie, Shangazi. Ya zamani yenye kadi mbili au mpya yenye kadi moja? Nitangulize lenzi au flashi? Na je, ninunue kwanza ndipo nimwambie, au nimwonyeshe ile hereni iliyoliwa na simu yake, tuongee, halafu twende naye dukani? Maana ukweli ni kwamba ningependa twende naye.

Mpenzi msomaji wako