Saa yako ni ya nyani, si ya komba

Mwanangu Neema,

Mbukwa. Huku Chamwino hatujambo, mizabibu tumemaliza kupogoa.

Ujumbe wako nimeurudia mara tatu. Ukitoka zamu ya usiku unalala kwa muda wa saa mbili tu, kisha unakodoa macho hadi jioni, na kuna aliyekuambia unajidekeza. Hujidekezi, mama. Nimefundisha biolojia miaka mingi, kwa hili nisikilize.

Juzi usiku nilitoka na tochi kuangalia mbuzi. Juu ya mgunga wa zizini macho mawili yakawaka kama makaa: komba, analamba utomvu. Nyani wa mlimani walishalala tangu magharibi. Wote ni primati kama sisi, na saa ya ubongo wao, ile inayopanga kulala na kuamka, ipo pale pale ilipo yako: vifundo viwili vya seli ndani ya haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, juu kidogo ya panapopishana neva za macho. Ya binadamu, ikiachwa peke yake, huzidi saa 24 kidogo, ndiyo maana mwanga huirekebisha kila siku.

Ila haisikilizi macho peke yake. Kwenye shina la ubongo kuna seli za serotonini, kemikali ya kupashana habari kati ya seli za neva, na nyuzi zake hupanda hadi kwenye saa hiyo. Seli hizo huchangamka ukiwa macho, hupoa usingizini, na wakati wa ndoto karibu zinyamaze. Basi saa hupata habari kwamba nje kuna mwanga, na kwamba mwenyewe yu macho. Serotonini husaidia kuamua mwanga upewe uzito gani. Kwa panya wa maabara, mnyama wa usiku, huufifisha. Kwa watu waliopewa dawa ya kuongeza serotonini, mwanga wa usiku ulizidi kuibana melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa ni usiku. Hapo nilitafakari sana. Ya panya tusimbebeshe binadamu harakaharaka.

Melatonini yenyewe hutokana na serotonini hiyo hiyo, ndani ya tezi ya pineali, giza likiingia.

Sasa wewe unatoka wodini saa moja asubuhi, jua la Dar linakupiga usoni ndani ya daladala. Saa yako inaambiwa kumekucha, halafu unaiomba ilale! Vaa miwani ya jua tangu getini. Simu izime. Chumba kiwe giza totoro. Dawa usijinunulie, muone daktari.

Mama yako ametoa kile kitenge chake kizito cha bluu, amekishona pindo la kupitisha kamba. Kesho alfajiri nakipeleka stendi ya Nanenane.

Babako