Mzee anayepotea njia usiku ni mgonjwa

Mhariri,

Mwaka juzi, saa nane usiku, jirani alimkuta mama yangu mlangoni pake, kichwa wazi, miguu mitupu, akimwulizia mamake aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Kulipokucha, mtaa mzima ulikuwa na neno moja: mchawi.

Hapa Kilifi neno hilo huua. Wazee wamekatwa mapanga kwa tuhuma tu, na wengine wameyaacha mashamba yao wakakimbilia Kaya Godoma, makao ya kuwahifadhi wazee wanaotuhumiwa uchawi, kule Ganze. Sisemi kila anayetuhumiwa ni mgonjwa. Wapo ambao kosa lao ni kumiliki ardhi.

Zahanati tuliyokwenda kwanza ilituambia ni uzee. Daktari wa pili ndiye aliyetueleza habari ya demensia, maradhi ya ubongo yanayomfanya mtu asahau na kuchanganyikiwa, na kwamba aina yake iliyoenea zaidi ni Alzheimer, iliyoelezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Hakukimbilia kuipa jina hali ya mama. Alipima kwanza damu: tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, virusi vya Ukimwi, kwa kuwa hayo yanaweza kuvuruga akili na yana tiba. Akauliza kama mambo yalianza ghafla. Mzee anayechanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu huenda ana malaria au maambukizi ya mkojo, na akitibiwa mapema mara nyingi akili humrudia. Ni wangapi tumewaita wachawi kumbe walihitaji dawa ya siku saba?

Mama alikutwa na Alzheimer. Donepezil anayomeza haiponyi, humpa afueni kiasi. Kilichotufaa zaidi ni kuacha kubishana naye. Akisema anamngoja mamake, dada yangu humwuliza mamake alikuwa akipika nini. Basi mama hueleza, huku mikono yake ikikuna nazi isiyokuwapo, na hofu humtoka usoni. Mlangoni tumefunga kengele ya mbuzi.

Naiomba serikali ya kaunti iwafundishe wahudumu wa afya ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba, kuuliza pia habari za kusahau na kupotea njia. Na machifu, mzee akitajwa uchawi, wampatie kwanza ulinzi na gari la kumfikisha hospitalini, kabla baraza lolote halijaitwa.

Mtoto wa mgonjwa,
Kilifi