Mada ya Jumamosi: kinga ya mwili

Habari za jioni, ndugu wanakikundi. Jumamosi tutazungumzia mfumo wa kinga, na naomba tuanzie baharini. Mwaka 1882, huko Messina, Italia, mwanasayansi Ilya Mechnikov alichoma miiba midogo kwenye vichanga vya kiti cha pweza (mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota), ambavyo mwili wao unapitisha mwanga. Kesho yake akakuta seli zimeuzingira mwiba. Kiumbe asiye na ubongo, lakini ana walinzi! Mimi hapo ndipo nilipolipenda somo hili.

Walinzi wa aina hiyo, wanaomeza vijidudu, tunao hadi leo katika chembe nyeupe za damu. Limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe zinazojumuisha seli B na seli T, zilikuja baadaye sana, kwa wanyama wenye uti wa mgongo, takriban miaka milioni 500 iliyopita. Seli B hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazonasa vijidudu. Seli T, zinazokomaa kwenye tezi ya thaimasi iliyo kifuani, huua seli zilizoambukizwa. Baadhi ya seli B na T hubaki na kumbukumbu ya adui kwa miaka mingi, na chanjo hutegemea hilo hasa.

Mwenye swali alitume humu kabla ya Ijumaa, hata likionekana dogo. Nitaanza na ya wanaosoma mada hii kwa mara ya kwanza.