Alama ya chini ya jicho

Nanyuki,
Jumapili, baada ya isha

Shoga yangu Salma,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai hujambo na watoto hawajambo, na mguu wa mama mkwe umepoa. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baridi inatukata na masika yameanza kwa nguvu. Nisamehe kwa kimya cha miezi mitatu. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu kwa sababu kila nikikupigia najikuta nalia, na nikilia utasema hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Jana usiku kaka alimpigia mume wangu. Alimwuliza kama kwao ndivyo wanavyolelewa, kuwapiga wake zao wakiwa mbali na jamaa. Mume wangu alinyamaza akasikiliza mpaka mwisho, akanipa simu, akavaa koti akatoka. Alirudi saa sita usiku, viatu vimelowa, akaniuliza kama nimekula. Ni hivyo tu. Salma, katika miaka saba hajawahi kuniinulia hata sauti, na wewe unajua mimi ninavyoweza kumchokoza mtu.

Najua ilikotoka. Ni ile picha ya arobaini ya shangazi. Mtu kaituma kwa jamaa, Mama Zuhura kaikuza mpaka jicho langu likajaa kioo kizima cha simu, na hapo maneno yakaanza safari. Mama ameniambia kwamba hata wewe ulimwuliza, "Mtoto yuko salama kweli huko?" Sikulaumu. Ningeona mimi picha yako vile, jicho limevimba, pete hamna, mwili umepungua, ningepanda basi usiku uleule. Lakini nataka usikie kwangu, kitu kimoja kimoja, kwa sababu nina ombi mwishoni na siwezi kulifikia kabla hujajua.

Jicho kwanza.

Siku tatu kabla ya arobaini, farasi wangu Asumini alishikwa na msokoto wa tumbo. Nilimkuta jioni hajagusa nyasi, anaparua chini kwa kwato ya mbele, anageuka kuangalia ubavu wake kama mtu aliyesikia anaitwa. Shingo imelowa jasho na hali kuna baridi. Nilimwekea sikio ubavuni. Tumbo la farasi mzima halinyamazi, linanguruma mchana kutwa. La kwake lilikuwa kimya pande zote mbili. Farasi hawezi kutapika, Salma. Kilichoziba ndani hakina mlango wa kurudia, na wapo wanaokufa kabla ya asubuhi. Nikampigia daktari wa mifugo. Yuko mbali, njia ni matope, akasema nimtembeze taratibu, nisimwache ajibiringishe.

Basi tukatembea, mimi na yule mzee saisi wangu, mtunza farasi. Kutoka magharibi mpaka saa nane usiku tulizunguka ua ule mdogo kwenye mvua, tukipokezana. Alipotaka kulala nilimvuta, naye akanivuta. Miaka yote mzee ananikanya nisizungushe kamba ya farasi mkononi, na usiku ule niliizungusha, kwa uchovu, kwa hofu, sijui. Akajitupa chini ghafla, kamba ikapita kiganjani kama moto. Nilipoinama kumsaidia ainuke alirusha kichwa, kikanigonga hapa, mfupa wa chini ya jicho. Mnyama ana kilo 450. Kichwa chake si kitu cha kukugusa kidogo. Niliona nyota. Saisi alinikalisha juu ya ndoo akaendelea kumtembeza peke yake, na yeye mwenyewe mkono mmoja vidole havikunjiki, alivunjwa zamani alipokuwa Ngong kwenye farasi wa mashindano.

Daktari alifika akampitisha mpira puani hadi tumboni, akammiminia mafuta ya kulainisha haja, akamchoma sindano ya maumivu. Saa kumi na moja alfajiri Asumini alikunya. Nilikaa chini kwenye matope nikalia kwa furaha ya kinyesi cha farasi. Mume wangu alikuwa kasimama nyuma yangu kashika taa. Ameishika taa ile usiku kucha, Salma, na asubuhi ana darasa la watoto hamsini. Ndiye aliyenikanda jicho kwa maji baridi. Ndiye huyo kaka anayemwita mshenzi.

Kesho yake usiku nikapanda basi kuja kwenye arobaini. Nilijifukiza udi mara mbili na bado Mama aliponikumbatia aliona kuna harufu nyingine chini yake. Nilivuta mtandio mpaka kwenye nyusi. Na nilipoulizwa nilisema nimejigonga mlangoni. Hapo ndipo nilipokosea. Nilisema uongo ule unaosemwa na kila mwanamke aliyepigwa, kwa sababu niliona haya kusema, mbele ya watu waliokuja kumrehemu shangazi, kwamba nimekesha na farasi. Nimeujutia uongo huo kuliko maumivu yenyewe.

Pete. Imo kwenye mkebe wa chai juu ya kabati, na huingia kidoleni Ijumaa na siku za kutoka. Hakuna anayeshughulika na farasi kila siku akafanya kazi na pete. Kamba au hatamu ikinasa kwenye pete na mnyama akashtuka, nyama ya kidole inavuliwa kama soksi. Mume wangu mwenyewe aliniomba niivue, baada ya fundi wa kwato kutuonyesha kidole chake kilichobaki nusu. Safari ile niliisahau mkebeni, na hata nisingeisahau nisingeweza kuivaa na kiganja kimechubuka vile.

Kuhusu mwili kupungua, si kweli hata. Uso ndio umepungua, mabega yameongezeka. Ile blauzi ya kijani tuliyoshona pamoja pale Kibokoni hainiingii tena mabegani, na kiunoni inapwaya. Hesabu mwenyewe: maji peke yake ni lita thelathini kwa siku, pengine arobaini zikipiga jua, na bomba letu liko chini ya mteremko. Marobota ya nyasi ya kupandisha darini. Kinyesi ndani ya toroli, kila siku, Idi na si Idi. Na huu mwezi wa mvua ndio mbaya zaidi, kwa sababu ya usubi. Tumezungukwa na pundamilia huku, na wao hubeba ule ugonjwa wa farasi bila kuumwa. Usubi unawauma wao jioni, kisha unamwuma wangu, na farasi akiupata hana dawa ya kumponya. Nimemchanja, lakini chanjo haikufanyi ulale ukasahau. Kila siku kabla jua halijazama lazima awe ndani, asubuhi hatoki mpaka jua lipande. Macho yangu mekundu ni ya hapo.

Ngozi nayo, sawa, imeharibika. Mji huu uko kwenye ikweta penyewe na umeinuka zaidi ya mita 1,900 juu ya bahari. Baridi inakudanganya hakuna jua, kumbe linakuchoma kupita la Mombasa. Mashavuni nina mabaka mawili, na kidevuni mstari mweupe wa ukanda wa kofia ngumu. Nywele za mbele zimekatika kwa kilemba ninachofunga chini ya kofia hiyo. Kati ya kidole cha pete na kidole kidogo, pale hatamu zinapopita, nina sugu mikono yote miwili. Ukucha wa kidole gumba cha mguu umetoka wote. Alinikanyaga mwezi wa kwanza, mimi niko na ndara. Visigino vina magaga ya gambuti.

Sikuambii haya kwamba hayaniumi. Yananiuma. Unanikumbuka, mimi ndiye niliyekuwa nakusinga liwa ukikataa, mimi ndiye niliyekuwa siwezi kwenda hata dukani bila wanja. Wiki iliyopita nilijitazama kwenye kioo cha saluni mjini, mwanga mkali, nikaona uso wa mtu mkubwa kuliko mimi, nikatoka kabla zamu yangu haijafika. Nililia njiani. Kisha nikarudi nikamkuta kichwa kiko juu ya mlango wa banda, masikio mbele, ananikoromea kwa sauti ile ndogo ya puani ambayo hampi mtu mwingine hata saisi. Nikaingia nikaegemeza uso shingoni mwake, palepale penye singa, penye joto.

Uliwahi kuniuliza kwa nini simwuzi. Unajua mwaka ule nilivyokuwa. Wewe ndiye uliyelala na mimi hospitalini, wewe ndiye uliyekunja zile nguo ndogo ukaziondoa nisizione. Asumini alikuja mwezi wa pili baada ya hapo, ana umri wa miaka mitano, mshipa wa mguu wa mbele umechanika, kwenye mashindano hatakiwi tena na mwenye farasi hataki kulisha mdomo usioingiza kitu. Nilikuwa siamki kitandani. Yeye alihitaji bendeji kila asubuhi na kila jioni, na maji baridi mguuni nusu saa, kwa muda wa miezi. Basi nikawa naamka. Ndivyo ilivyokuwa. Sasa anapandwa na watoto wanaojifunza, Jumamosi mbili kwa mwezi, analipia nyasi zake karibu zote.

Kuna kitu kinanizunguka kichwani tangu jana. Unamkumbuka babu yangu wa Lamu? Punda wake wawili waliobeba mawe na mchanga kutoka gatini mpaka juu mitaani? Mikono yake ilikuwa kama gome la mwembe. Bega moja lilikuwa chini kuliko jingine, goti lilipigwa teke likabaki limepinda, na shavuni alikuwa na kovu la kung'atwa. Sisi watoto tulikuwa tunashindana kulishika lile kovu. Mtu alimwona akasema, mzee huyu kafanya kazi. Hakuna aliyekaa barazani kuuliza nani anampiga. Mimi nina kazi ileile, na alama zilezile, na kwangu mimi alama lazima ziwe za mume. Nimeligeuza jambo hili pande zote, Salma, na bado linaniuma. Nafurahi kwamba jamaa zangu wangenipigania. Wallahi nafurahi, najua wako wanawake ambao hakuna anayewaulizia. Lakini mbona hakuna aliyeniuliza mimi? Wamempigia yeye, wameongea na Mama, wameongea wao kwa wao...

Basi ombi langu ni hili. Nenda kwa Mama kabla ya Ijumaa, usimpigie simu, nenda. Simuni anakubali kila kitu kisha anakata analia. Wewe anakuamini kuliko anavyoniamini mimi katika hili, kwa sababu anadhani mimi namficha mume. Msomee barua hii, ruka pale pa hospitali. Mwonyeshe picha nilizokutumia: ya kwanza ni mkono wangu na kamba yenyewe, ya pili ni Asumini, atazame ukubwa wa kichwa chake kando ya changu. Halafu mwambie azungumze na kaka. Sitaki kaka aombe radhi mbele ya watu, nataka tu ampigie shemeji yake wenyewe kwa wenyewe. Mume wangu amesema hatakuja harusini kwa mdogo wako ili asiwape watu maneno. Mimi bila yeye siji. Na ukinikosa siku ile hutanisamehe, nakujua.

Tukija, nitavaa mikono mifupi siku ya kupamba, kama wenzangu wote. Nimewaza sana habari ya mikono mirefu, nikashona kabisa gauni, nikalitundika. Likibaki limetundikwa ni sawa. Jicho litakuwa limekwisha pona lakini mkono bado utakuwa na alama, na mimi nitamweleza kila atakayeuliza, mmoja mmoja, kwa utulivu. Nikichoka utanisaidia.

Na hina, niwekee nafasi kwa yule bibi wa zamani, si wale wasichana wa piko. Kiganja cha kulia kina kovu la kamba kutoka kwenye kidole gumba mpaka ukingoni. Mwambie asilikwepe. Apake juu yake, ua likitaka kufuata njia ya kovu na lifuate.

Je, utaweza kwenda kabla ya Ijumaa? Mama anakula vizuri, au amerudia ile tabia ya chai na mkate? Mama Zuhura akija nimwambie nini, au nimwache? Bibi harusi mwenyewe ameyasikia haya? Na wewe, ulipoiona ile picha, kweli uliamini kwamba ni yeye? Niambie ukweli, sitakasirika. Nani anapika biriani? Na kitambaa cha sare kimebaki cha kutosha mabega yangu, au nitafute huku?

Mume wangu hajui nimekuandikia. Yuko nje na tochi anatazama kama mlango wa banda umefungwa vizuri, mvua imeanza tena.

Akupendaye,
Mwana