Yah: Malalamiko kuhusu tyuni ya mbali iliyouzwa kama ya gari langu wakati haikuwa ya gari langu

Uyole, Mbeya.
9 Juni 2025.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyelipia tyuni ya mbali, yaani kurekebishiwa kompyuta ya injini kwa mafaili ya kutumiwa, ya Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2005, ile ya soko la Japani yenye injini ya EJ207 ya lita 2.0. Nimezungumza na vijana wenu kwa simu na kwa ujumbe mpaka nimeona sifiki popote, ndiyo maana sasa nakuandikia wewe. Dai langu ni hili: mliniahidi ramani (majedwali yanayoiongoza kompyuta ya injini) itakayotengenezwa kutokana na logi, yaani rekodi za vipimo, za gari langu, mkanitumia faili lililokuwa tayari. Injini ilipoanza kugonga, mkabadilisha jina la faili na ramani mkaiacha vilevile.

Gari lenyewe halina mambo makubwa. Lina egzosi pana kuanzia kwenye turbo hadi nyuma, bomba jipya la kuvutia hewa, pampu ya petroli ya lita 255 kwa saa, na plagi zilizo baridi hatua moja kuliko za kiwandani. Turbo ni ile iliyokuja nayo, injekta ni zile zile. Hayo yote niliyaandika kwenye dodoso lenu kabla sijalipa, na chini yake nikaandika kuwa naishi Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na kwamba natumia petroli ya kawaida ya kituoni. Nilijaza kila kisanduku kwa sababu niliamini kuna mtu atasoma.

Swali lenu la mwinuko ni swali la maana sana, na ndilo lililonifanya niwaamini. Huku kwetu kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 tu ya ile ya Dar es Salaam. Turbo ikitakiwa kufikisha kanieneo ya bar 2 kamili ndani ya injini, ikiwa Dar inabana hewa takriban mara 2. Ikiwa Mbeya lazima ibane karibu mara 2.4 ili ifike palepale. Maana yake inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka ikiwa ya moto zaidi, na joto hilo ndilo linaloleta kugonga. Subaru wenyewe walilizingatia hilo: kompyuta ya kiwandani ina jedwali linalopunguza bosti, yaani msukumo wa hewa ya turbo, kadiri kanieneo ya nje inavyoshuka. Nilipofungua faili lenu kwenye RomRaider, programu ya kusomea mafaili haya, jedwali hilo lilikuwa limejazwa sufuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtu aliyeona neno Mbeya kwenye dodoso asingeliacha hivyo hata siku moja.

Na jina la faili lenyewe liliishia na "100RON". Oktani 100 ni petroli ya bei ya juu inayouzwa Japani, isiyogonga upesi. Taimingi mliyoniwekea, yaani wakati wa plagi kuwasha petroli, ni ya petroli hiyo, si ya ninayoweka hapa Uyole.

Pamoja na hayo nilifuata maelekezo yenu hatua kwa hatua. Nilichomeka kebo ya OpenPort inayounganisha laptopu na gari, nikafleshi, yaani nikaliandika faili lenu kwenye kompyuta ya gari, nikaacha injini ipate moto vizuri, kisha nikashuka asubuhi na mapema hadi tambarare ya Usangu, mbele ya Chimala, ambako barabara imenyooka na makazi ni machache. Rafiki yangu alikaa pembeni na laptopu magotini. Nilivuta gia ya tatu kama mlivyoelekeza. Injini ilipita mizunguko 4,000 kwa dakika, na ilipokaribia 4,400 safu ya masahihisho ya kugonga ikaonyesha kompyuta imerudisha taimingi digrii 2.8, halafu 4.2. Tuliporudi nyumbani, kizidisho cha taimingi, kile ambacho injini yenye afya hukiweka kwenye 1, kilikuwa kimeanguka hadi 0.5. Na huko Usangu ni chini, kama mita 1,100 tu. Sikuthubutu hata kujaribu kupanda nalo kwenda Isyonje.

Kwenye logi hiyohiyo kuna jambo jingine ambalo mtyuni yeyote angelianza nalo. Bomba la hewa lilibadilishwa, kwa hiyo sensa ya hewa inasoma pungufu ya hewa inayopita kweli, na kompyuta imekuwa ikiongeza petroli kwa asilimia 9 ili kufidia. Mwendo wa kawaida hilo halina shida. Ila ukikanyaga mafuta mpaka chini, kompyuta hii haisahihishi tena kwa sensa ya oksijeni, inafuata jedwali. Kipimo changu kikasoma uwiano wa sehemu 12.4 za hewa kwa moja ya petroli mahali ambapo kwa bosti kama ile ningetegemea karibu na 11. Petroli pungufu, taimingi ya oktani 100 na turbo iliyoachwa bila breki ya mwinuko, vyote kwa pamoja kwenye injini moja. Jedwali la sensa ya hewa halikuguswa kabisa. Namba zake ni zile za kiwandani mpaka ya mwisho.

Niliwatumia logi siku ileile. Kijana wenu alinijibu, "Kaka, gari za huko juu ndivyo zilivyo, usiwe na wasiwasi." Hapana. Magari ya huku hayagongi kwa sababu ya kuwa huku. Yanagonga yakipewa ramani ya kwingine. Kugonga ni petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujaifikia, na pigo hilo linatua kwenye pistoni na kwenye beringi. Likirudiwarudiwa, pistoni inapasuka kwenye kuta zinazoshika ringi. Hapo hakuna tena habari ya tyuni. Ni kushusha injini na kuanza kuitafuta nyingine.

Niliposisitiza, nikatumiwa faili la pili, jina lake likiishia na "v2", pamoja na ujumbe kwamba limerekebishwa kufuatana na logi zangu. Kabla ya kulifleshi nililiweka sambamba na la kwanza kwenye programu ileile na kuagiza ionyeshe tofauti. Haikuonyesha hata moja. Jedwali la mwinuko bado sufuri, taimingi ileile, sensa ya hewa ileile. Ndugu Meneja, hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ningelikuwa mtu wa kuamini tu, ningelifleshi hilo la pili, nikakanyaga mafuta kwa moyo mweupe nikidhani nimetengenezewa, na injini ikafia mikononi mwangu. Nimerudisha faili la kiwandani na gari limepaki.

Nataka uelewe kwa nini huduma hii ina uzito kwetu. Kutoka Mbeya hadi kwenye karakana yenu ni zaidi ya kilomita 800, ukishuka Kitonga katikati ya malori ya Zambia na Kongo, na kurudi ni vilevile. Tyuni ya mbali ikifanywa kwa haki inamwondolea mtu wa Mbeya, Njombe au Iringa safari hiyo yote: yeye anarekodi, mtaalamu anasoma, anasahihisha, anatuma tena, mpaka namba zitulie. Kazi yenyewe ni huko kusoma na kusahihisha. Mkiiondoa, kinachobaki ni kumkatia mteja suti kwa vipimo vya jirani yake na kumtoza bei ya fundi.

Mimi nina kebo, nina kipimo cha uwiano wa hewa na petroli, na nimejifunza kusoma logi. Vijana wengi wa hapa Mwanjelwa na wa Iringa mjini wanaonunua WRX kwa akiba ya miaka hawana vitu hivyo. Wao wanachojua ni kwamba gari limeongezeka mvuto, wanafurahi, wanawasifu. Kama kuna wateja wengine wa nyanda za juu mliowapa faili hili, magari yao yanagonga sasa hivi na wenyewe hawajui. Hao wananisumbua kuliko pesa yangu.

Naomba logi zangu zipewe mtyuni wenu mwandamizi, si dawati la ujumbe, naye aniandikie ni majedwali gani atayabadilisha na kwa nini. Nikiridhika na maelezo yake, tutaendelea kwa malipo yale yale niliyokwisha kutoa. Kama hamuwezi, nirudishieni shilingi 650,000 zote kwa namba niliyolipia, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Kwa vyovyote vile, wateja wenu wote wa mikoa ya juu waandikieni leo waache kukanyaga mafuta mpaka mafaili yao yakaguliwe. Na kwenye tangazo lenu, ondoeni maneno "ramani ya gari lako tu" mpaka yawe kweli.

Siku hizo zikipita bila jibu la maandishi nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayouziwa. Ningependa tusifike huko.

Nimeambatisha mafaili yote mawili jinsi mlivyoyatuma, logi ya Usangu, nakala ya dodoso langu, risiti ya malipo na mazungumzo yetu yote. Mtyuni wenu aanze na logi, mstari wa mizunguko 4,400.

Wako,
Mteja, Uyole, Mbeya.