Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka tunaoufunga nitaukumbuka kwa orodha yenye vitu 30. Katika semina ya kwanza tuliigeuza orodha hiyo kinyumenyume kwa programu ya Prolog, lugha ya kompyuta inayoandikwa kwa kanuni za mantiki, ambayo kila anayeingia katika fani yetu ya kuunda na kugeuza programu kwa mantiki huiandika mapema: geuza mkia, kisha ubandike kichwa mwishoni. Tulizihesabu hatua za mantiki moja baada ya nyingine, zikafika 496. Baada ya hapo tukaichukua programu ileile, tukaikunjua na kuikunja ubaoni mstari kwa mstari, hadi ikawa programu inayotembea na kile ilichokwisha kugeuza. Hatua zikashuka hadi 32, na jibu halikubadilika.

Kwa wanachama wapya niseme kidogo. Kukunjua ni kuondoa jina na kuweka fasili yake mahali pake. Kukunja ni kuiona fasili ndani ya kanuni na kuirudishia jina. Watafiti Burstall na Darlington waliziweka wazi mbinu hizi kwa programu za vitendaji, yaani zinazoandikwa kama fomula za hesabu, mwaka 1977, na Tamaki na Sato wakazileta kwenye programu za mantiki mwaka 1984. Uzuri wake ni kwamba kila mstari unatokana na uliotangulia kwa sheria iliyothibitishwa. Ugumu wake ni kwamba lazima mtu atunge fasili mpya ya kuanzia. Kwa orodha yetu, fasili hiyo ilisema: geuza orodha, kisha ubandike matokeo mbele ya orodha nyingine. Ukishaipata, na ukikumbuka kwamba kubandika hakujali mabano yamewekwa wapi, kilichobaki ni uvumilivu. Lakini kuipata kulituchukua karibu saa nzima, na sioni aibu kulisema hilo mbele yenu.

Semina ya pili ndiyo iliyonifunza zaidi. Mwanachama mmoja, mwanafunzi wa uzamivu, alitunga fasili yake vizuri, halafu akaikunja kwa kutumia fasili yenyewe kabla hajaikunjua hata mara moja. Akapata kanuni inayosema kwamba jambo ni kweli ikiwa jambo hilohilo ni kweli. Ukumbi ulitulia. Hakuna aliyeweza kuonyesha uongo wowote, kwa sababu haumo: sentensi hiyo inafuata kimantiki kutoka kwa programu ya mwanzo. Ila ukiiuliza programu swali, inazunguka palepale bila kutoa jibu. Kila kilichokuwa kikithibitika jana, leo hakithibitiki. Tamaki na Sato waliweka sharti la kuzuia ukunjaji wa namna hii, na wengi wetu tulikuwa tukilitaja kama utaratibu tu. Siku ile tuliona sharti hilo linalinda nini. Namshukuru kijana huyo kwa kukubali kosa lake libaki ubaoni wiki nzima.

Tangu hapo nimekuwa na wasiwasi ninaotaka muubebe pamoja nami. Sisi ni hodari wa kuzuia programu isiseme uongo. Kuizuia isipoteze majibu kimyakimya tunakuchukulia kama kazi ya ziada.

Kikundi cha maelezo ya mahitaji kilikutana na jambo hilohilo kwa njia nyingine. Kilitaka programu ya kupanga namba itokane moja kwa moja na maelezo yake. Maelezo ya kwanza yalisema matokeo yawe yamepangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Kifaa cha usanisi, yaani kinachounda programu kutokana na maelezo, kikarudisha programu inayojibu kila swali kwa orodha tupu, pamoja na uthibitisho kamili, maana orodha tupu imepangwa. Wakaongeza kwamba kila namba iliyoingia itoke na isitoke ambayo haikuingia. Sasa 3, 3, 1 ikawa 1, 3. Namba moja imepotea na uthibitisho bado umepita. Mara ya tatu ndipo wakaandika kwamba matokeo lazima yawe ni orodha ileile iliyobadilishwa mpangilio, kila namba kwa idadi yake. Majaribio matatu, kwa tatizo ambalo sote tungesema tunalielewa!

Naona hili lina uzito kuliko zamani, kwa kuwa kuandika programu kumekuwa rahisi mno. Modeli za lugha za akili bandia zinatoa kurasa za msimbo kwa dakika chache, na baadhi ya wenzetu wamekuja kuniuliza kama fani yetu bado ina kazi. Jibu langu ni kwamba kazi imehamia palepale tulipokuwa tumesimama. Mwenye msimbo ambao hakuuandika anahitaji mahali pa kuulinganisha nao, na mahali hapo ni maelezo yaliyoandikwa kwa mantiki. Mbinu zipo tayari. Leo programu ya lugha ya C au Java inaweza kutafsiriwa kuwa kanuni za Horn zenye vizuizi, yaani kanuni za “hili ni kweli ikiwa yale ni kweli” zenye masharti kama ya namba, na ukunjuaji na ukunjaji uleule wa orodha yetu ukatumika kuzirahisisha kabla ya kithibitishi kuzipokea. Mkutano wa kimataifa wa LOPSTR, unaohusu usanisi na ugeuzaji wa programu kwa mantiki, ulioanzia Manchester mwaka 1991 ukiwa wa programu za mantiki peke yake, umekwisha kupanua mlango wake kwa programu za lugha yoyote ile. Nadhani nasi tuufuate moyo huo. Robert Kowalski, mmoja wa waasisi wa programu za mantiki, aliandika mwaka 1979 kwamba algorithimu ni mantiki (nini kinatakiwa) pamoja na udhibiti (kinatafutwaje). Mimi ningependa vijana wetu wajue kuitenga ile mantiki hata ndani ya msimbo ambao haukuandikwa kwa Prolog.

Kuhusu vifaa, taarifa yangu si nzuri. Tulijaribu kukifufua kifaa kimoja cha ugeuzaji, yaani programu inayokunjua na kukunja programu nyingine, ambacho makala zake bado tunazisoma. Kilikwama mara tu kilipoanza. Chanzo kilikuwa kidogo: mifumo ya zamani ya Prolog, ukiiuliza uhusiano usiofasiliwa, ilijibu tu kwamba swali limeshindwa, nacho kifaa kilitegemea jibu hilo. Kiwango cha kimataifa cha Prolog (ISO) cha mwaka 1995 kinataka kosa litangazwe, isipokuwa mtumiaji abadilishe mpangilio huo. Mstari mmoja wa kutangaza kwamba uhusiano ule utajazwa baadaye ulitosha kukiamsha. Lakini kuutafuta mstari huo kulichukua wikendi mbili za watu wawili. Kwenye moduli na maktaba za vizuizi, ambako mifumo bado inatofautiana, tumeshindwa hadi leo. Makala zipo na nadharia ipo, ila hatua walizopita waandishi hatuwezi kuzirudia, na mimi hilo linaniuma.

Mengine kwa ufupi. Kamati tendaji ilikutana kama katiba inavyotaka. Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe. Kamati imezipitia na kuziridhia. Katibu anamaliza muhula wake, na nawasihi wenye nia ya nafasi hiyo wazungumze naye kabla ya uchaguzi, kwani kazi yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Nawashukuru waliohakiki makala za wenzao bila malipo, hasa waliorudisha maoni ya kurasa tatu pale ambapo mistari mitatu ingekubaliwa.

Nina pendekezo moja la kupigiwa kura. Kila kazi itakayowasilishwa kwenye semina zetu iambatane na programu ya mwanzo, programu ya mwisho, na faili la hatua zote za katikati, pamoja na toleo la mfumo lililotumika. Kila hatua itaje sheria yake, na ieleze kwa nini hakuna jibu lililopotea. Wanaohofia mzigo huo nimewasikia, na rasimu inaruhusu kazi ambazo hazijakamilika ziwasilishwe bila faili hilo mwaka wa kwanza. Rasimu yenyewe iko kwenye ajenda namba 6. Nimeambatanisha faili la orodha ya vitu 30 kama mfano, likiwa na ule ukunjaji wenye kosa, mahali pake, haukufutwa.

Mwenyekiti